Rangi Isiyopakwa: Udongo, Moto na Uhakiki wa Vyombo vya Magdalene Odundo

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umeshughulika zaidi na maneno: ushairi, riwaya, tamthilia na masimulizi. Vitu vilivyofanywa kwa mikono umeviachia makumbusho na wachimbuzi wa mambo ya kale. Mgawanyo huu wa kazi una hasara yake. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ni mfinyanzi ambaye vyombo vyake vimo katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani, pamoja na British Museum ya London. Hata hivyo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kenya atakaye kumsoma hulazimika, karibu daima, kumsoma kwa Kiingereza. Na kwa hiyo hupokea, pamoja na habari za vyombo hivyo, namna ya kuvitazama iliyokwisha kuamuliwa na wengine.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. La kwanza ni kuvihakiki vyombo hivyo kwa kuuliza swali moja: je, kiini cha sanaa ya Odundo ni umbo la mwili wa binadamu, kama wasemavyo wahakiki wengi, au ni mageuzi ya udongo wenyewe? La pili ni kupima kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Msimamo wetu ni kwamba mageuzi ya udongo ndiyo kiini. Na kwamba msemaji wa Kiswahili cha pwani anayo njia fupi ya kulifahamu jambo hili, mradi asiyaache maneno ambayo sasa yanaanza kumponyoka.

2. Ardhi inayobadilika: kutoka Bondeni hadi Miritini

Tutaanzia Bondeni, mtaa wa kisiwa cha Mombasa unaopakana na Mji wa Kale. Odundo si msanii wa mtaa huu, wala hatudai kwamba ana uhusiano nao. Tumeuchagua kuwa mahali pa kutazamia kwa sababu jina lake lenyewe ni habari ya ardhi. Aliyeupa mtaa jina la Bondeni aliitazama nchi kabla ya kuzitazama nyumba. Nyumba huweza kuuficha mteremko, jina halifichi.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, matumbawe hai yalijenga fungu kubwa sambamba na pwani. Maji yaliposhuka fungu hilo likaachwa nchi kavu, likawa jiwe. Kisha, katika zama za barafu, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa imeshuka kwa kadiri ya mita 120 chini ya kimo chake cha sasa, na mito ikachimba mabonde yake kuifuata huko chini. Barafu ilipoyeyuka, maji yalipanda tena yakayajaza mabonde hayo. Ndipo zikapatikana hori za Tudor na Kilindini, na kipande cha mwamba kilichobaki katikati kikawa kisiwa. Kwa maneno mengine, Mombasa ni kisiwa kwa sababu ya mabonde yaliyozama.

Mwamba wa namna hii humpa mjenzi karibu kila anachohitaji: jiwe la kukata, na chokaa baada ya matumbawe kuchomwa. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo, na mawe ya kuta zake ni matumbawe hayo hayo. Lakini matumbawe hayafinyangiki. Udongo kinamo hutafutwa kwingine. Ukivuka kwenda bara, kuanzia Changamwe na Miritini, utakuta miamba laini ya tabaka tabaka iliyotokana na tope la bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Miamba hiyo, ikipigwa na jua na mvua kwa muda mrefu, hurudi kuwa udongo. Tope liligeuka jiwe, na jiwe likageuka tope tena. Mji wa matumbawe, basi, kwa ajili ya chungu chake uliitegemea nchi iliyo nje ya mwamba wake.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kidogo kwa sababu mfinyanzi huingia katikati ya mzunguko huu. Udongo anaoushika mkononi ni jiwe lililochoka, na chombo anachokitoa motoni ni jiwe jipya. Kazi ambayo ardhi huifanya kwa muda usiohesabika, yeye huifanya kwa siku chache. Hatuwezi kumhakiki mfinyanzi kwa haki bila kulizingatia jambo hili.

3. Msanii na njia yake

Odundo alipata elimu yake ya mwanzo India na Kenya, akajifunza sanaa ya michoro ya biashara nchini Kenya, kisha mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendelea na masomo hayo. Huko Cambridge ndiko alikoacha njia ya michoro na kuushika udongo. Alipata shahada yake ya kwanza Farnham mwaka 1976, na shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London, mwaka 1982. Baadaye alifundisha Farnham kwa miaka mingi hata akawa profesa, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu hicho, University for the Creative Arts. Mwaka 2020 alitunukiwa na serikali ya Uingereza cheo cha heshima cha Dame.

Katika orodha hii ya vyeo, safari moja ndiyo yenye uzito kwa mhakiki. Katika miaka ya 1974 na 1975 Odundo alikwenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950. Cardew alikusudia kuwafundisha Waafrika gurudumu la mfinyanzi na vyombo vya kung'arishwa kwa dawa ya kioo. Lakini kituoni hapo walikuwapo wanawake wa Kigwari, aliye mashuhuri miongoni mwao akiwa Ladi Kwali, ambao walijua kuinua mtungi mkubwa kwa mikono mitupu bila gurudumu lolote. Odundo alijifunza kwa wanawake hao. Baadaye alizuru pia San Ildefonso, New Mexico, kijiji cha wenyeji wa asili wa Marekani kinachosifika kwa vyombo vyeusi vya Maria Martinez. Kwa hiyo, ingawa shahada zake ni za Uingereza, wale waliomfunza mikono hawakuwa na shahada.

Njia yake yaweza kuelezwa hivi. Huanza na bonge la udongo, akalitoboa na kulivuta juu, kisha akaongeza vipande virefu vilivyoviringwa kama kamba, kimoja juu ya kingine. Ukuta wa chombo hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu mpaka uwe mwembamba. Ukikauka kiasi, husuguliwa kwa jiwe laini; hupakwa uji mwepesi wa udongo, kisha husuguliwa tena mpaka ung'ae. Hakuna dawa ya kioo inayotiwa, wala nakshi inayochorwa. Chombo huingia jokoni kikiwa na ngozi yake tupu.

Vingi vya vyombo hivyo vina tumbo la mviringo, shingo ndefu, na mdomo mpana ulioinama upande mmoja kana kwamba chombo kinasikiliza neno. Baadhi vina vinundu vidogo begani, vingine vina mgongo mwembamba ulioinuka kama uti. Ulinganifu wa pande mbili mara nyingi umeachwa kwa makusudi.

4. Sitiari ya mwili

Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani huanza na kuishia hapo kwenye umbo: wanasema vyombo vya Odundo ni miili, hasa miili ya wanawake, shingo ni shingo, tumbo ni tumbo la mja mzito. Msanii mwenyewe amelizungumza jambo hilo mara nyingi, wala hatulikanushi. Tunachokihoji ni kama maelezo hayo yanafika mbali.

Kwa msomaji wa Kiswahili hayafiki mbali. Tangu tulipojua kusema tumesema mdomo wa chungu, shingo ya mtungi, tumbo la mtungi na kitako cha mtungi. Si Kiswahili peke yake chenye desturi hii, lakini kwetu imekita hata haionekani tena kuwa sitiari. Ni sitiari iliyokwisha kufa ikawa msamiati. Isitoshe, mtoto anayekulia Bondeni hufundishwa chuoni kwamba binadamu wa kwanza aliumbwa kwa udongo, na Surat ar-Rahman inaufananisha udongo huo na ule wa mfinyanzi. Mkristo naye amesoma kwamba Adamu alifanywa kwa mavumbi ya ardhi. Kwa watu wa namna hii, kuambiwa kwamba chombo cha udongo ni kama mtu ni kuambiwa jambo walilolijua zamani. Uhakiki unaorudia linalojulikana haujahakiki bado.

Lililo geni katika vyombo hivi ni jingine. Odundo hutumia udongo wa namna ile ile, umbo la aina ile ile, na mkono ule ule, akapata chombo chekundu mara moja na cheusi mara nyingine, bila kupaka rangi. Hata majina ya vyombo vyake husaidia hoja hii. Mara nyingi havina jina, au jina ni maelezo tu ya umbo na rangi: kwamba ni chenye ulinganifu au kisicho na ulinganifu, chekundu au kilichotiwa weusi kwa moto. Angependa mtazamaji aone mwanamke peke yake, angekwisha kumpa mwanamke huyo jina.

5. Rangi isiyopakwa

Udongo mwekundu una chuma ndani yake. Joko likipitisha hewa ya kutosha, chuma hicho hukutana na oksijeni, na chombo hutoka chekundu au cha rangi ya chungwa. Kikirudishwa motoni mara ya pili, kikiwa kimefunikwa pamoja na vipande vya mbao, hewa hupungua na moshi hujaa. Moto unaokosa oksijeni huinyang'anya kutoka udongoni. Kaboni ya moshi huingia katika ngozi ya chombo. Nacho hutoka cheusi, cheusi cha kung'aa kwa sababu kilikuwa kimesuguliwa. Pale moshi ulipogusa kidogo na hewa ikapita kidogo, hubaki mawingu ya rangi ambayo msanii huweza kuyatazamia lakini hawezi kuyaamuru.

Jambo hili si la jokoni tu. Mtu wa pwani analiona nje. Michanga ya Magarini, kaskazini ya Malindi, ni myekundu kwa kuwa chuma chake kimekaa na hewa muda mrefu. Tope lililo chini ya mikoko ya hori ya Tudor ni jeusi kwa kuwa hewa haifiki humo. Kemia ya tope hilo na ya joko hazilingani katika kila jambo, lakini kanuni ni moja: penye hewa chuma huwa chekundu, penye kunyimwa hewa weusi hutawala. Odundo ameichukua kanuni hii ya ardhi akaifanya kuwa sanaa. Chombo chake chekundu na chombo chake cheusi ni udongo mmoja uliopitia historia mbili.

Hapa uhakiki wetu wa fasihi hauna budi kujitazama. Tumezoea kuitenga kazi ya sanaa katika sehemu mbili, fani na maudhui. Wengi wetu tumesema pia kwamba sehemu hizi hazitengani. Lakini tukiisha kusema hivyo, tumeendelea kuzigawia sura mbili katika vitabu vyetu na maswali mawili katika mitihani. Basi na tuulize: uwekundu wa chombo cha Odundo ni fani au ni maudhui? Ukisema ni fani, yaani pambo la nje, utakuwa umekosea, kwa sababu hakuna kilichowekwa nje. Rangi imetoka katika udongo wenyewe. Ukisema ni maudhui, itakubidi ueleze ni ujumbe gani unaosemwa na chuma. Mgawanyo wetu unashindwa kwa sababu hauna nafasi ya tukio. Kilichompa mtazamaji rangi hiyo ni jambo lililotokea: saa kadhaa za moto, na kiasi fulani cha hewa.

Wachunguzi wa fasihi simulizi watalitambua tatizo hili upesi. Utenzi mmoja ukitongolewa mara mbili, mbele ya hadhira mbili, haubaki kuwa utenzi ule ule. Maneno yanaweza kuwa yale yale, na bado mojawapo ya tukio ukatoka mwekundu na jingine mweusi. Utongoaji ni moto wa utenzi. Anayekusanya maneno yake tu amekusanya udongo mbichi. Kwa maoni yetu, chombo cha mfinyanzi kinatuonyesha haja ya kuingiza katika uhakiki istilahi ya tatu kando ya fani na maudhui, nayo ni mageuzi: kile kilichoipata malighafi mpaka ikawa kazi ya sanaa.

Aidha, mageuzi hayo hayarudi nyuma. Udongo ulioachwa ukauke juani hurudi tope ukitiwa maji. Lakini ukishapashwa moto hadi nyuzi 500 au 600 za Selsiasi, hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya maumbile yake, na tangu hapo hauwezi kuwa tope tena. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na walimu hulitumia neno hilo kwa habari ya malezi. Katika ufinyanzi maana yake ni ya moja kwa moja: kuna mpaka ambao ukivukwa hapana kurekebisha. Katika chombo cha Odundo mpaka huo umevukwa mara mbili, na utulivu wake mbele ya mtazamaji ni utulivu wa kitu kisichoweza kubadilishwa tena ila kwa kuvunjwa.

6. Hoja ya matumizi

Ipo lawama moja ambayo mhakiki mwenye kuijali jamii hana budi kuitoa. Vyombo hivi havitiwi maji, havipikiwi, havifukizwi. Vimesimama juu ya meza nyeupe nyuma ya kioo, mbali na wanawake waliobuni ufundi wake, na vinauzwa kwa bei ambayo hakuna mfinyanzi wa kijijini anayeweza hata kuiwazia. Je, hiki si chungu kilichonyang'anywa kazi yake kikawa mali ya matajiri?

Lawama hii ina uzito, lakini sehemu yake ya kwanza haisimami katika historia ya pwani. Chombo kisichotumika si jambo la kigeni kwetu. Katika nyumba za mawe za Waswahili mabakuli ya Kichina yaliwekwa katika zidaka yatazamwe. Katika kaburi la mnara la Mambrui mabakuli ya zama za Ming yalipachikwa ukutani, mahali ambapo hapana mla wala mnywaji. Tulijua, basi, kukiondoa chombo jikoni na kukipa heshima ya macho. Tatizo ni kwamba heshima hiyo ilitolewa zaidi kwa chombo cha ng'ambo chenye kung'aa kwa kioo, na chungu cha hapa kiliachwa mafigani.

Na hali chungu hicho ndicho kilichokuja kuwa shahidi mkubwa wa historia yetu. Wachimbuzi wa miji ya kale ya pwani wamekuta, katika tabaka za chini kabisa, magae ya vyungu vya hapa hapa vilivyochorwa pembetatu kwa ncha kali, vya kati ya karne ya 6 na ya 10. Kazi za Mark Horton juu ya Shanga (1996) na za Felix Chami juu ya pwani ya Tanzania (1994) zimeonyesha jinsi magae ya namna hiyo yanavyoonekana pwani na bara pia. Hayo yamesaidia kuivunja dhana ya zamani kwamba miji ya Waswahili ilikuwa makoloni ya wageni waliokuja na ustaarabu wao merikebuni. Bakuli la Kichina lilisema tuliwasiliana na nani. Gae la udongo lilisema sisi ni nani. Odundo, kwa kuusimamisha udongo mtupu usio na kioo mahali ambapo zamani pangewekwa kauri, ameusahihisha upendeleo ambao sisi wenyewe tulikuwa nao. Katika maonyesho yake ya mwaka 2019 yaliyoanzia The Hepworth Wakefield, yenye jina linaloweza kufasiriwa Safari ya Vitu, aliviweka vyombo vyake pamoja na vitu vya kale na vya sasa kutoka mabara mbalimbali, bila kukipa chochote daraja ya chini kwa sababu ya udongo wake.

Hata hivyo hatutaki kumsifu bila mpaka. Kuna weusi wa aina mbili. Uko weusi wa joko, unaopatikana kwa siku moja, na uko weusi wa masizi, unaopatikana kwa miaka mingi ya kupikiwa. Chungu cha jikoni huzeeka. Kitako chake hukolea moshi wa kuni, mdomo wake humomonyoka, ndani yake huingia mafuta ya nazi hata chakula kikapata ladha ya chungu. Nayo ni mageuzi ya udongo, na kwa hakika yanafanana zaidi na yale ya ardhi, kwa sababu yanakwenda polepole na hayana mtu mmoja anayeyasimamia. Odundo huufupisha muda huu. Ngozi ya chombo chake imesuguliwa hata alama ya kidole imefutika. Hakuna siku iliyopita juu yake baada ya kutoka motoni. Anatuonyesha mageuzi, kisha anayafunga mlango. Tungependa kuona angalau chombo kimoja alichokiruhusu kizeeke. Huo ndio upungufu tunaouona, nao hautokani na ughali wa vyombo wala umbali wake, bali na ukamilifu wake.

7. Suala la istilahi

Mhakiki anayetaka kuyasema haya kwa Kiswahili atakuta kwamba maneno mengi yapo, ila yamelala. Tunayo kufinyanga, kinamo, joko, gae na kigae, masizi, na ngeu, yaani udongo mwekundu wa kutilia alama. Tunayo majina ya vyombo: mtungi, bia, kibia, mkungu, kikaango, waya wa kuokea mkate, chetezo. Sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki zimeyasukuma mengi ya hayo pembeni. Neno nyungu limebaki zaidi katika kujifukiza dawa, na jungu lasikika sana katika msemo wa kuvunja jungu mwezi wa Ramadhani unapokaribia.

Historia ya usanifishaji nayo imechangia. Kamusi ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 iliegemea sana Kiswahili cha Mombasa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa hiyo hiyo ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendesha kazi kwa msingi huo. Hatuulaumu uamuzi huo. Lugha ya taifa ilihitaji mahali pa kusimama. Lakini usanifishaji ulitazama shule na ofisi. Haukuingia uani, ambako mwanamke alikuwa na neno kwa kila hatua ya chungu chake.

Njia ya kulitengeneza jambo hili ilikwisha kuonyeshwa. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, alizihifadhi istilahi za uundaji wa chombo cha baharini katika Sambo ya Kiwandeo (1979), na zile za mnazi katika Umbuji wa Mnazi (1985). Hakuunda kila neno. Mengi aliyachukua kwa mafundi. Kazi ya namna hiyo yastahili kufanywa juu ya chungu.

Kwa sasa tunapendekeza machache. Uchomaji wenye hewa ya kutosha, utoao wekundu, uitwe uchomaji wa wazi. Ule wa kupunguza hewa kwa moshi, utoao weusi, uitwe kufukiza. Neno hili la pili lina faida kubwa: kila nyumba ya pwani inajua kwamba kufukiza ni kukipitishia kitu moshi mpaka umwingie, kama nguo inavyofukizwa udi juu ya chetezo, na kwamba kilichofukizwa hubadilika pasipo kupakwa chochote. Maelezo ambayo vitabu vya kigeni huyatoa kwa aya nzima ya kemia, neno hili limekwisha kuyafanya. Kazi ya kulainisha kwa jiwe iitwe msuguo, na uji mwepesi wa udongo upakwao kabla ya msuguo uitwe hivyo hivyo, uji wa udongo, hadi mafundi watakapotupa neno lililo bora.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vyombo vya Magdalene Odundo vinafahamika vizuri zaidi vikitazamwa kama udongo uliogeuzwa kuliko vikitazamwa kama sanamu za mwili. Kwamba mageuzi hayo yanaidai nadharia yetu ya fani na maudhui jibu ambalo bado haijalitoa. Na kwamba upungufu wa vyombo hivyo umo katika kukataa kwake kuzeeka. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili kinaweza kuyasema haya.

Mfinyanzi hulia gaeni, husema methali. Hali yetu wataalamu wa lugha si tofauti: tunayo akiba ya maneno ya ufinyanzi, na bado tunapotaka kuzungumza juu ya mfinyanzi wetu tunaazima lugha nzima kwa wengine. Wanawake wanaojua majina ya hatua zote za chungu, tangu machimboni hadi jokoni, bado wapo katika vijiji vya pwani na vya bara, na wengi wao ni wazee. Idara zetu zina wanafunzi, zina vinasa sauti, na zina likizo ndefu kila mwaka. Haifai kungoja mpaka maneno hayo nayo yawe ya kuchimbuliwa.